CPU Hulipa Nauli

Makataa ya kuwasilisha ritani za kodi ni tarehe 30 Juni, na watu wengi wa Lodwar hulikumbuka jambo hilo tarehe 29 jioni. Saiba yangu ni chumba kimoja cha mabati chenye feni mbili, na mwisho wa Juni hujaa walimu, askari wa akiba, vijana waliomaliza chuo bila kupata kazi, na wanabodaboda ambao hawajawahi kuona pei-slipu lakini wana PIN ya KRA kwa sababu waliwahi kuitishwa mahali. Wengi wao wana ombi moja, ritani ya asiye na mapato: "Mama Saiba, nitupie nil." Mimi huwatupia, kwa shilingi hamsini kila kichwa, na kwa hizo hamsini hamsini hulipa kodi ya chumba mpaka Septemba.

Juni ya 2025, foleni ikiwa imefika barabarani, kompyuta yangu iliamua kwamba leo ni tarehe 1 Januari 2009.

Kwa asiyejua mambo haya: ndani ya kila kompyuta ya mezani mna betri bapa ya saizi ya sarafu, ambayo kazi yake ni kuitunza saa wakati stima haipo. Betri hiyo ikifa, stima ikipotea na kurudi mashine huamka haijui ni mwaka gani, nayo hushika tarehe iliyozaliwa nayo kiwandani. Katika mji ambao stima haipotei mtu anaweza kuishi na betri mfu miaka na asijue. Lodwar atajua kabla ya chai ya saa nne. Na tovuti yoyote inayojiheshimu hujitambulisha kwa cheti chenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha. Mashine inayoamini tuko 2009 hukitazama cheti cha mwaka huu, ikaona ni cha siku ambazo hazijafika, ikakataa katakata kufungua ukurasa. Kwa hiyo kila stima iliporudi niliirekebisha saa kwa mkono, nikatupa nil mbili tatu, stima ikapotea tena, na wateja wangu wakarudi enzi ya serikali ya nusu mkate.

Mkasa uliosimuliwa zaidi ni wa mzee mmoja wa Napetet, mwenyekiti wa kikundi cha wafuga mbuzi. Nilimchapia barua ya kuiomba serikali ya kaunti dawa za mifugo, tarehe ikajiandika yenyewe kama kawaida, akaikunja akaenda. Karani aliyeipokea aliisoma akamwambia, "Mzee, hii barua ni ya Januari 2009. Serikali ya kaunti imeanza 2013."

"Basi," mzee akasema, "si mngekuwa mmeshaijibu?"

Betri mpya ilikuwa shilingi mia, na ningeishia hapo lau saa ingekuwa ndiyo shida. Lakini ile mashine ilikuwa na mlango wa disketi. Niliinunua 2011 ikiwa tayari imeshatumikia mtu mwingine, na kuiwasha asubuhi kulikuwa kama kumwinua ngamia mzee: mguno kwanza, kisha kutikisika kwa nyuma, kisha kusubiri, na hakuna anayejua kama leo itasimama au italala tena. Ilifanya kazi ikiwa imevuliwa bati la ubavuni na kuelekezewa feni ya mezani, maana joto letu si la mchezo. Mkoloni alimleta Mzee Kenyatta hapa 1959 akimtoa Lokitaung, na sidhani alipachagua kwa ajili ya upepo mwanana. Prosesa nayo ina haki zake.

Siku tuliyoifungua kubadilisha betri, mpwa wangu alipuliza vumbi likatoka wingu. Tulipoona tena, tukakuta ndani ya pawasaplai mjusi kafiri aliyekauka, mkia umenyooka, amelala juu ya koili ya shaba kwa utulivu wa mtu aliyelipia chumba. Kando yake, mayai mawili meupe, matupu. Alipaona pana joto, pana giza, hapana paka. Huenda ndiye aliyekuwa akikatiza stima yetu mara nyingine, na sisi tukiwalaumu watu wa jenereta.

Ingawa lawama ya jenereta siifuti. Stima ya Lodwar kwa miaka mingi imekuwa ya mtambo wa dizeli, na hili linahitaji moyo kulielewa ukitazama ramani. Kusini mwetu kuna bwawa la Turkwel, megawati 106, ambazo nyaya zake zinakwenda Lessos. Ng'ambo ya ziwa, upande wa Marsabit, kuna mitambo ya upepo 365, megawati 310, ambazo nyaya zake zinakwenda Suswa. Mto Turkwel wenyewe unapita hapa mjini ukiwa umeshafanya kazi na kulipwa kwingine. Sisi tunauvuka kwa daraja na kurudi nyumbani kuwasha tochi.

"Shangazi," mpwa wangu akasema akimtoa mjusi kwa kibanio cha nyusi, "hii si ya fundi. Hii ni ya makumbusho."

Nilimkumbusha kwamba yuko Turkana. Pale Lomekwi, upande wetu huu wa magharibi mwa ziwa, wataalamu walitangaza 2015 kwamba wamepata zana za mawe za miaka milioni 3.3, kongwe kuliko zote zinazojulikana duniani. Hakuna aliyeziambia kwamba kuanzia Januari 2020 hazitapata tena masasisho. Mashine yangu iliambiwa hivyo, maana ilikuwa na Windows 7, na mwanzoni mwa 2023 kivinjari cha Chrome nacho kikaiaga. Tangu hapo kila tovuti iliyojirembesha upya ilinionyesha ukurasa mweupe na samahani nyingi.

Ikabidi nitafute nyingine. Bajeti ilikuwa elfu kumi na tano. Hiyo ni asubuhi. Mchana dada yangu akapita na karatasi ya mahitaji ya shule, na ikawa elfu kumi na moja.

Kwa elfu kumi na moja mtu hanunui kompyuta mpya, hununua mashine ambayo mwenziwe amechoka nayo. Nchi hii ina bahari ya mashine hizo. Tunaziita ex-UK hata kama zimetoka Dubai, na ukiuliza Luthuli Avenue kule Nairobi utaletewa mpaka uombe waache. Tena Microsoft walikuwa wanajiandaa kuacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haitaki mashine za kabla ya kizazi cha nane cha Intel, kwa hiyo maofisi ya Ulaya yalikuwa yakitupa kompyuta nzima nzima, hazina kosa ila umri. Kosa la mwenzio ndilo punguzo lako. Muuzaji mmoja wa Luthuli alinitajia kwa simu bei ambayo ilinifanya nitabasamu peke yangu, kisha akataja ya kuisafirisha kwa basi. Jirani yangu wa duka la dawa aliwahi kuagiza yake hivyo. Ilipita Kitale, ikapita Kapenguria, ikapita Kainuk na Lokichar ikiwa chini ya buti pamoja na magunia ya viazi, na ilipofika skrubu zilikuwa zimejitoa zote, zimekusanyika kwenye kona moja ya boksi, zinamsubiri mwenye nyumba.

"Twende Kakuma," mpwa akasema.

Watu wa mbali wakisikia Kakuma huona foleni ya watu wanasubiri kupewa. Sisi wa Lodwar tukisikia Kakuma tunaona bei. Kambi ilianza 1992 na wakimbizi kutoka Sudan, wakafuata Wasomali, Waethiopia, Wakongomani, Warundi, na palipo na hao wote pamoja biashara haikosi. Shirika la IFC lilitoa utafiti 2018 likakadiria uchumi wa pale kuwa dola milioni 56 kwa mwaka, na maduka zaidi ya 2,000. Sikuhitaji utafiti. Kahawa bora niliyowahi kunywa katika kaunti hii nilipikiwa na mama wa Kihabeshi kwenye kibanda cha mabati, na leso ninazovaa harusini zimetoka kwa Wasomali wa Kakuma, si Mombasa.

Mpwa alikuwa na sababu yake nyingine. Alikuwa karani wa ghala la shirika moja huko mpaka mapema 2025, Marekani ilipokata misaada na mashirika yakaanza kupunguza watu. Yeye alikuwa miongoni mwa waliopunguzwa mwanzo. Miezi kadhaa baadaye shirika likaupunguza pia ulimwengu uliobaki: viti, matangi, makabati ya chuma, kompyuta. Vyote vikapigwa mnada kwa zabuni za bahasha. Mfanyabiashara mmoja akachukua kompyuta zote kwa mkupuo, akawagawia mafundi wa sokoni, na sasa zilikuwa zinauzwa moja moja. "Nazijua zile mashine, shangazi," mpwa akasema. "Moja nimeilia mimi mwenyewe." Sikumuuliza aliilia kwa sababu gani.

Lodwar hadi Kakuma ni kama kilomita 120, na siku hizi kuna lami. Shida si barabara, ni laga, mito ya msimu inayoikata. Kawalase ikijaa, hakuna gari. Tarach ikijaa, hakuna Kakuma. Tulibahatika, zote mbili zilikuwa mchanga mtupu na watoto wanachimba maji.

Fundi alikuwa Mkongomani, kijana mpole mwenye bisibisi nyuma ya sikio, na duka lake lilikuwa meza moja, mwavuli, na rafu ya CPU nyeusi zimepangwa wima. Kila moja ilikuwa na kibandiko cha namba ya mali ya shirika kilichokwanguliwa nusu. Mpwa alizipitia akisoma namba, mkono umeshika kidevu, mpaka akafika ya nne akasimama. "Hii," akasema. Ilikuwa na alama ya duara juu, mahali alipokuwa akiweka kikombe.

"Iko muzima, mama," fundi akasema. "Haina shida hata kidogo. I5, RAM nane, SSD mupya."

Aliitaka elfu kumi na mbili. Nikasema saba. Akacheka, nikacheka, mwenye duka la jirani akacheka bila kujua bei. Tukataja watoto, tukataja joto, akataja Bukavu, nikataja ada ya shule, na tukafika elfu tisa na mia mbili kwa kila upande kujiona umeibiwa, jambo ambalo sokoni ndilo linaloitwa maelewano. Ila monita zake zote zilikuwa zimeuzwa na jenereta ya mtaa huwashwa jioni. Aliichomeka kwenye betri ya sola, taa ya bluu ikawaka, feni ikazunguka kimyakimya. Mimi niliyezoea mngurumo niliona huo ukimya ni ishara tosha. Nikatuma M-Pesa.

Matatu ya kurudi ilijaa kabla hatujafika. Kondakta aliangalia CPU, akaniangalia, akasema mizigo ni juu. Juu palikuwa na mbuzi wawili waliofungwa miguu na mtungi wa mafuta ya taa uliokuwa unavuja kwa uvumilivu. Nikamwambia hii haipandi na mbuzi. Akasema basi itakaa kiti, na kiti ni mia tano. Nikamwambia nitaipakata.

"Mtoto wa kupakatwa ni chini ya miaka mitano," akasema. "Hii ina mingapi?"

Gari zima likageuka kusikiliza. Mpwa, ambaye uaminifu wake ndio uliomfukuzisha kila mahali, akajibu, "Kumi na mmoja." Ikalipa nauli ya mtu mzima. Ilikaa dirishani, ikafungwa mkanda, na mimi nikakaa nusu kiti katikati ya mwalimu na gunia la mkaa nikiitazama inavyopunga upepo.

Nyumbani ndipo safari ilipoanza. Monita yangu ina waya wa zamani, ule wenye kichwa cha bluu na pini kumi na tano. Mashine ya shirika ilikuwa na tundu mbili ndogo zenye pembe moja iliyokatwa, na hakuna kitu cha bluu kilichoweza kuingia humo kwa amani. Nilizunguka Lodwar nzima. Muuza simu mmoja alinipa waya wa HDMI akisema "hii inaingia kila mahali", akaujaribu kila mahali, haukuingia popote. Mwishowe adapta ilipatikana kanisani. Walikuwa nayo ya projekta ya kuonyeshea maneno ya nyimbo. Mchungaji akaniazima kwa sharti moja, na kwa wiki kadhaa, mpaka niliyoagiza ilipofika, kompyuta yangu ilikuwa ikiona Jumatatu hadi Ijumaa na kupofuka wikendi kwa ajili ya Injili.

Adapta ikachomekwa. Skrini ikawaka. Kisha, kabla ya Windows, kabla ya kitu chochote, kikatokea kisanduku cha kijivu katikati: weka paswadi.

Shirika lilikuwa limefanya jambo la busara, limefuta diski zote zisibaki na majina ya watu. Paswadi hii haikuwa ya diski. Ilikuwa ya mashine yenyewe, iliyofungwa na mtu wa IT enzi hizo, na mtu wa IT alikuwa ameshahamia Juba. Mpwa alijaribu jina la shirika, jina la bosi, jina la mbwa wa bosi. Akajaribu "maharagwe", kwa kuwa ndiyo yaliyokuwa mengi ghalani. Mashine ikajifunga, ikaomba tuizime tupumzike.

Fundi hakuweza kuja. Mkimbizi hatoki Kakuma bila kibali cha kusafiri, na sijui karani gani angegonga muhuri kwenye fomu iliyoandikwa "sababu ya safari: paswadi ya mama". Kwa hiyo upasuaji ulifanyika kwa WhatsApp, video, bando la mia.

"Toa kwanza ile batri ya duara, mama. Ee, hiyo kidogo."

Nikaiona. Ndugu wa ile iliyonipeleka 2009. Nikaing'oa kwa ukucha.

"Sasa angalia pembeni yake, kuna pini mbili ziko na kikofia. Kidogo sana. Ya bluu."

Kikofia hicho ni kidogo kuliko punje ya mtama. Nilikivua kwa kibanio cha nyusi, kile kile cha mjusi, mpwa akimulika kwa simu ya pili na jasho likinidondoka puani karibu kabisa na mahali ambapo jasho halitakiwi. Fundi akasema washa, tukawasha. Zima, tukazima. Rudisha kikofia, rudisha batri, washa. Kisanduku cha kijivu hakikutokea. Mashine ilikuwa imesahau paswadi, imesahau na mtu wa IT, na kwenye kona ya skrini ikaandika kwamba leo ni tarehe 1 Januari 2014.

"Umeona?" fundi akasema. "Nilikuambia haina shida."

Leseni ya Windows haikuwa kwenye bajeti, maana bajeti ilikuwa imekwisha kwenye matatu. Mpwa akaweka Linux, ya bure, na ikakimbia hata nikaiogopa. Wateja ndio waliopata taabu. Mwalimu mmoja wa Kanamkemer alikaa mbele yake akaniita kwa sauti ya msibani: "Mama, Word wameipeleka wapi?" Nikamwonyesha LibreOffice. Akachapa mtihani wake wote wa darasa la nane, ambalo sasa linaitwa gredi ya nane, akaupeleka shuleni kwenye kompyuta yenye Word, na jedwali la swali la kumi na mbili likateleza mpaka ukurasa wa majibu. Darasa zima lilipata swali la kumi na mbili. Naambiwa mwalimu mkuu alimsifu.

Ile ya zamani niliisukuma chini ya meza, nikaifanya ya kuwekea miguu. Ilikuwa bado huko fundi aliponipigia.

"Mama, ile masini ya kizee ulishaitupa?"

Kulikuwa na mshonaji, Msomali, pale pale sokoni kwao. Alikuwa na cherehani kubwa ya kudarizi ya kompyuta, ya miaka mingi, inayochora maua kwenye shela na jina la bibi harusi kwenye mto. Cherehani hiyo husoma michoro kwa disketi tu, na kompyuta yake yenye mlango wa disketi ilikuwa imekufa. Kakuma nzima, pamoja na biashara zake zote za dola milioni 56, haikuwa na mlango mwingine. Alikuwa tayari kutoa elfu tatu.

Nilinyamaza kidogo, kwa heshima. "Elfu tano," nikasema.

"Mama!"

"Ina betri mpya."

Tukaelewana elfu nne, na nimtupie boksi la disketi juu yake. Mpwa akaifunga kwa kamba na blanketi, baada ya kuhakikisha hakuna mpangaji mwingine ndani, tukaibeba hadi steji. Kondakta alikuwa yule yule. Aliinua pembe ya blanketi.

"Hii ina miaka mingapi?"

"Hii ni mzee," nikamwambia. "Mpunguzie."

"Wazee hawapunguziwi kwa matatu," akasema akifungua mlango wa mbele. "Lakini atakaa na dereva. Mia tano, na kama anashukia Kakuma sokoni, ongeza hamsini ya boda."